Aliyesugua Diski ya Jubilei

Kijana mmoja wa Njoro, Manispaa ya Moshi, alikuwa na diski moja ya DVD aliyoithamini kuliko samani zote za sebuleni kwake. Ilikuwa video ya jubilei ya ndoa ya wazazi wake: misa kule Kibosho, matarumbeta njiani, keki, ndafu, mablanketi ya zawadi, na mwisho kabisa hotuba ya baba. Mwaka uliofuata baba akafariki. Picha zake za ukutani zilibaki nyingi. Sauti yake ilibaki mahali pamoja tu, ndani ya diski hiyo.

Kisa hiki ni cha mfano na wahusika wake ni wa kutungwa, ndiyo maana hawana majina. Makosa yao si ya kutungwa. Hufanyika Njoro, Pasua na Majengo kama yanavyofanyika Mbagala na Mombasa, popote palipo na deki, TV na mtu mwenye haraka.

Desemba ilipofika, ndugu wakaanza kuwasili kutoka Dar es Salaam, kama ilivyo kawaida ya Wachaga kurudi nyumbani kwa Krismasi. Mama akateremka kutoka Kibosho akae na wajukuu siku mbili kabla ya ukoo mzima kupanda mgombani. Aliomba jambo moja.

"Mwanangu, kesho jioni tuwekee ile ya jubilei. Hawa wadogo hawajawahi kumsikia babu yao."

Kijana akaona ni busara aijaribu kwanza. Mchana akawasha TV yake ya chogo, ya inchi 21, akaingiza diski kwenye deki. Kwaya ikasikika vizuri, besi na soprano kila moja mahali pake. Lakini picha haikuwa na rangi hata kidogo. Tena haikutulia: ilipanda juu bila kukoma, vichwa vya maharusi vikitokeza chini ya kioo na miguu yao ikiishia juu.

Akaipiga TV kofi ubavuni. Picha ikaendelea kupanda. Akaita jirani.

"Mangi, hiyo CD ni chafu tu," jirani akasema bila hata kukaa. "Paka dawa ya meno, sugua, suuza. Mimi zangu zote nafanya hivyo."

Kijana hakujiuliza mbona diski chafu inatoa kwaya safi. Alichukua dawa ya meno na kitambaa cha kufutia meza, kilichokwisha kushika vumbi la kiangazi, akasugua kwa kuzungusha kama anayesugua sufuria iliyoungua. Akasuuza, akairudisha. Kwaya ileile, picha ileile isiyo na rangi, inayopanda. Alitazama dakika mbili za mwanzo akazima. Kule mwisho kwenye hotuba hakufika.

Akaamua kwamba TV imekufa. Fedha iliyokuwapo ndani ilikuwa ya mbuzi wa Krismasi. Akaishika, akaenda mjini, akarudi na TV ya flati ya mtumba, inchi 32. Alipounganisha deki, rangi zikatokea na picha ikatulia. Akawatazama wote kwa ushindi: "Si niliwaambia? Chogo ndilo lilikuwa bovu."

Jioni ya siku ya pili sebule ilijaa. Misa ikapita vizuri, ila sura zote zilikuwa pana. Mama akacheka: "Mbona mimi na baba yenu tumenenepa hivi? Siku hiyo sikula chochote." Matarumbeta yakapita. Keki ikakatwa. Ndipo picha ikaanza kuvunjika vipande vya mraba, na sauti, iliyokuwa safi tangu mwanzo, ikaanza kukatika nayo. Mshehereshaji akamkaribisha mzee. Mzee akasimama, akashika kipaza sauti, akafungua kinywa, na picha ikaganda. Walirudisha nyuma, wakasogeza mbele, wakazima deki na kuiwasha. Kila mara iliganda palepale.

Fundi na njia ya picha

Asubuhi walimwita fundi mzee, mtu aliyeanza na redio za mbao kabla Tanzania Bara haijawa na kituo hata kimoja cha televisheni. Bara ilipata vituo vyake vya kwanza mwaka 1994. Kabla ya hapo TV ya nyumbani, kwa wengi, ilikuwa kioo cha deki, na mafundi wa rika lake walijifunza TV kwa kupitia deki.

Alipofika akamkuta mpwa mmoja ameshika bisibisi, anafungua mgongo wa TV ya chogo aone "kilichoungua." Mzee akapaza sauti kabla hata ya kusalimiwa.

"Weka chini hiyo! Chogo hilo linashika umeme hata likichomolewa ukutani."

Hakuwa anatisha watoto. Umeme wa TANESCO unaoingia nyumbani ni volti 230. Ndani ya TV ya chogo ya rangi, umeme unaopelekwa kwenye kioo hufika zaidi ya volti 20,000, na kioo chenyewe kinaweza kuuhifadhi muda mrefu baada ya kuchomoa waya. Fundi mwenye vifaa huutoa kwanza kwa utaratibu. Asiye fundi hana sababu ya kufungua mgongo huo, hata kwa kutazama.

"Shikamoo mzee," kijana akasema. Akaeleza yote: picha ilikuwa haina rangi na inapanda, sasa TV mpya ina rangi lakini mwisho unaganda, bila shaka deki nayo imechoka.

"Marahaba. Ile siku ya kwanza, picha ilipoharibika, sauti ilikuwaje?"

"Sauti ilikuwa safi, mzee."

"Basi diski ilikuwa nzima."

Kwenye DVD, picha na sauti havikuandikwa mahali pawili. Vimesukwa pamoja katika mkondo mmoja wa data, na taa ya leza huvisoma kwa pamoja. Diski ikichafuka au lenzi ikichoka, vyote viwili huumia: picha huvunjika, sauti hukatika. Sauti ikiwa safi mwanzo hadi mwisho na picha peke yake ikawa na hitilafu ya rangi au ya kutulia, kosa limetokea baada ya diski kusomwa, yaani kwenye mpangilio wa deki, waya au TV.

Mzee akatoa mfukoni diski yake ya kupimia, filamu ya Kibongo orijino yenye stempu ya kodi ya TRA, zile stempu zilizoanza kubandikwa mwaka 2013. Akairudisha deki kwenye TV ya chogo, akaweka diski hiyo. Picha ikatoka bila rangi, inapanda. Diski nyingine, ugonjwa uleule. Kwa hiyo ugonjwa haukuwa wa diski. Akachukua rimoti ya deki, akatafuta kitufe kidogo kilichoandikwa N/P, akakibonyeza mara moja. Picha ikatulia na rangi zote zikarudi.

Sebule ikawa kimya. Kijana akamtazama mwanawe mdogo, ambaye rimoti ndiyo ilikuwa gari lake la kuchezea wiki nzima.

Herufi zile mbili ni za mifumo ya televisheni. N ni NTSC ya Marekani, iliyopitishwa kwa rangi mwaka 1953: mistari 525, na picha karibu 30 kwa sekunde. P ni PAL, iliyobuniwa Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1960 na mhandisi Walter Bruch wa Telefunken: mistari 625, picha 25 kwa sekunde. Afrika Mashariki ilifuata PAL. Deki hutengenezwa kuuzwa dunia nzima, kwa hiyo inajua mifumo yote miwili na humwachia mwenye nayo achague. TV nyingi za flati nazo huelewa yote miwili, lakini zipo TV za chogo zinazoelewa PAL tu. Ukizipelekea NTSC, huonyesha mwanga na kivuli bila rangi, na mara nyingi picha hukataa kutulia. Ndiyo maana TV mpya ilileta rangi, na ndiyo maana kijana aliamini ameponya ugonjwa ambao kitufe kimoja kingeuponya bure.

Zile sura pana nazo hazikuwa ugonjwa. Jubilei ilipigwa kwa kamera ya umbo la zamani, 4 kwa 3. TV ya flati ni 16 kwa 9, na ilikuwa imewekwa inyooshe kila kitu kijaze kioo. Mzee akabadilisha umbo la picha kuwa 4:3. Mipaka miwili myeusi ikatokea pembeni, na mama akapungua.

Ukabaki ugonjwa wa tatu, ambao siku ya kwanza haukuwapo. Mzee akaishika diski ya jubilei kwa kingo zake, akaigeuzia dirishani. Ilikuwa imejaa mikwaruzo ya mviringo, mizito zaidi karibu na ukingo.

DVD huandikwa kuanzia katikati kwenda nje, katika njia moja nyembamba inayozunguka na kuzunguka. Misa ilikuwa karibu na tundu, na hotuba, kwa kuwa sherehe ilijaza diski, ilikuwa ukingoni. Mkwaruzo unaokata njia hiyo kutoka katikati kwenda nje huharibu kipande kifupi kila mzunguko, na deki ina hesabu za kujazia pengo la milimita chache. Mkwaruzo wa mviringo hufuata njia yenyewe na kufuta sehemu ndefu mfululizo, na hapo hesabu hushindwa. Dawa ya meno ina chembechembe za kusugua, kitambaa kilikuwa na mchanga, na mkono ulizunguka kufuata njia ileile ya data.

Mzee aliipeleka kibandani kwake, akaijaribu kwenye deki nyingine yenye lenzi mpya, kisha kwenye kompyuta. Mpiga video wa sherehe naye alitafutwa. Mafaili ya mwaka ule alishayafuta kupata nafasi ya harusi nyingine. Walipata misa yote, matarumbeta na keki. Hotuba hawakuipata. Na Krismasi hiyo familia haikuchinja mbuzi.

Dalili na asili yake

Kijana alianza na kile alichoambiwa, kisha akaenda kwenye kile cha bei kubwa. Mzee alianza mwanzo wa njia: diski, lenzi, deki, waya, TV, mpangilio. Alibadilisha kimoja, akaacha vingine vyote vilivyo, akatazama. Mtu yeyote anaweza kufanya hivyo bila bisibisi, akijua dalili inaelekeza wapi.

Picha ikivunjika vipande vya mraba na sauti ikikatika, anza na diski. Jaribu nyingine unayoijua ni nzima. Nyingine ikicheza vizuri, safisha ile mbovu: kitambaa laini kisicho na vumbi, maji safi kidogo, na mkono uende mstari mnyoofu kutoka tundu la katikati kwenda ukingoni, kamwe usizungushe. Diski zote zikisumbua, mtuhumiwa ni lenzi, hasa nyakati za vumbi. Ipo pia sababu ya kwetu wa mlimani. Deki iliyolala kwenye baridi ya Kibosho au Marangu mwezi Julai, ikiingizwa ghafla kwenye chumba cha joto kilichojaa watu, hushika unyevu kwenye lenzi na kukataa kusoma. Iache saa moja au mbili ikauke kabla ya kumwita fundi.

Picha ikikosa rangi na sauti ikiwa safi, tazama mfumo kama alivyofanya mzee. TV ya zamani ipe PAL. Ya flati iachie deki ichague yenyewe. Baada ya hapo tazama waya. Ule wa njano ndio wa picha, mweupe na mwekundu ni wa sauti. Ukiuchomeka wa njano kwenye tundu la kijani la TV yenye matundu mengi, unaweza kupata picha bila rangi. Zipo TV ambazo tundu la kijani na la njano ni moja. Hizo zinataka uchague AV kwenye rimoti ya TV.

Kioo kikiwa cheusi au picha ikiwa mistari mitupu baada ya mtu kuchezea mipangilio ya deki, huenda amewasha aina ya picha ambayo waya wa njano hauwezi kuibeba, ile iitwayo progresivu. Izime, au tumia waya wa HDMI kama deki inao.

Chenga ni habari nyingine. Hizo ni za antena, au za deki iliyounganishwa kupitia tundu la antena. Hamishia waya kwenye matundu ya AV na chenga zitakwisha. Mwanga ukipanda na kushuka wenyewe, giza kisha mng'ao, angalia kama deki ya DVD imepitishwa kwenye deki ya kanda kabla ya kufika kwenye TV. Diski nyingi orijino zina kinga ya kuzuia kunakiliwa, na deki ya kanda huigeuza kuwa picha inayozimika na kuwaka. Unganisha moja kwa moja.

Mabaka ya kijani au zambarau kwenye kona ya TV ya chogo huletwa na sumaku, na mara nyingi sumaku hiyo ni ya spika kubwa iliyosogezwa karibu. Ondoa spika, zima TV, iache ipoe, kisha iwashe tena. TV nyingi hujisafisha zinapowashwa. Picha ikisinyaa pembeni jioni watu wengi wanapopika na kupiga pasi, umeme ni mdogo, na hapo TV haina kosa.

Mwisho kuna lalamiko ambalo halina tiba: "Nimenunua TV kubwa, mbona DVD haing'ai?" Picha ya DVD ya PAL ina nukta 720 kwa 576, jumla 414,720. TV ya HD kamili ina 1920 kwa 1080, jumla 2,073,600, ambazo ni mara tano kamili. Kwa kila nukta moja iliyomo kwenye diski, TV inajitungia nyingine nne. Kupandisha ukali wa picha kwenye rimoti huongeza tu mistari myeupe kandokando ya nyuso. Punguza, chagua mwonekano wa kawaida, kaa mbali kidogo. Na kama diski imeandikwa filamu 20 ndani ya 1, fanya hesabu: diski ya tabaka mbili hubeba gigabaiti 8.5, kwa hiyo kila filamu imepewa chini ya nusu gigabaiti, wakati filamu moja iliyotengenezwa vizuri inaweza kujaza diski nzima. Ukungu ule ulinunuliwa pamoja na diski.

Funzo

Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kijana wa Njoro aliuliza, lakini alimuuliza mtu asiyejua, na dalili iliyokuwa inamjibu kwa sauti safi hakuisikiliza. Alitumia fedha ya mbuzi kununua TV ambayo hakuihitaji. Hilo linasameheka, maana fedha hutafutwa. Kosa lisilosameheka ni kuanza matibabu kwa kitu pekee ambacho hakina badala.

Deki hununuliwa. TV hununuliwa, na waya huuzwa hata kwa wamachinga. Diski ya harusi, kipaimara au mazishi haiuzwi popote. Tena diski hizo si imara kama watu wanavyodhani: zile zinazochomwa studio huandikwa kwenye tabaka la rangi maalumu ambalo jua na joto hulifubaza, hata bila mtu kulisugua.

Basi kabla ya kujaribu dawa yoyote, itoe diski ya namna hiyo kwenye deki, iweke ndani ya jalada lake, na ufanye majaribio yote kwa diski nyingine. Na kabla ndugu hawajafika Desemba hii, ipeleke kwa mtu mwenye kompyuta yenye sehemu ya DVD, nakili yote kwenye flashi mbili, moja ibaki Moshi na nyingine iende na ndugu wa Dar es Salaam. Ifanye kazi hiyo wiki hii, diski ikiwa bado inasomeka mpaka mwisho.